Miche Kumi na Mmoja ya Kerttu

Jua la mwezi wa Machi lina hila kijijini kwetu Haukijoki, huku kaskazini. Linang'aa juu ya theluji mpaka macho yanauma, lakini anayetoka nje bila kofia akidhani baridi imekwisha hurudi ameshika masikio. Ziwa lilikuwa bado limefungwa kwa barafu iliyoweza kubeba trekta. Hata hivyo, katika kila nyumba pakiti za maziwa zilizowekwa akiba tangu Krismasi zilikuwa zimekwisha kuoshwa, kukatwa vichwa, kutobolewa chini na kujazwa udongo, nazo zimepangwa madirishani kama watoto wa shule mstarini. Kiangazi chetu ni kifupi. Anayengoja ardhi iyeyuke ndipo asie mbegu zake atavuna majani matupu, na kwa hiyo nyanya, pilipili, kotimiri na kabichi, vyote huanza maisha sebuleni.

Kerttu Lahdensivu, mpishi mstaafu wa shule ya kijiji, hakuhitaji pakiti nyingi mwaka ule. Alikuwa na mbegu kumi na sita tu, ndani ya kisanduku cha kiberiti. Zilikuwa mbegu za nyanya za mama yake, Hilja. Kwa miaka arobaini Hilja alikuwa amepanda nyanya hizo katika nyumba hii aliyoishi pamoja na Kerttu, akihifadhi mbegu kila vuli na kuzisia kila Machi. Hazikuwa nzuri kuzitazama. Zilikuwa za manjano, zenye mabega yaliyopasukapasuka, lakini ziliiva wakati nyanya za majirani zingali kijani, na aliyezionja mara moja alirudi na bakuli tupu mkononi. Hilja aligawa nyanya kwa ndoo, na maadamu yeye alikuwapo hakuna jirani aliyejisumbua kuhifadhi mbegu. Kisha akaugua, akahamia katika nyumba ya kutunzia wazee, na kwa miaka mitatu hakuna aliyepanda kitu. Mwezi wa Januari akafariki. Watoto wake walipokuwa wakipanga vitu vyake ndipo kisanduku kilipoonekana. Mbegu hizo kumi na sita zikifa, nyanya za Hilja zitakuwa zimetoweka duniani.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Kerttu hakumwambia mtu. Usiku aliofariki Hilja, Kerttu alikuwa amekwenda nyumbani kulala kidogo. Madaktari walimwambia kwamba asingeweza kubadili kitu, naye alitikisa kichwa kuonyesha kwamba ameelewa, lakini moyo wake haukuelewa. Alijilaumu. Alipozimwaga zile mbegu juu ya kitambaa cha meza na kuzihesabu, aliapa kwamba safari hii hataondoka hata dakika moja.

Mdogo wake, Armas, aliyekuwa zamani dereva wa gari la kukusanya maziwa, alifika kunywa kahawa kama ilivyokuwa desturi yake. Alizitazama zile mbegu, akakuna kidevu.

"Nipe hata nne nikae nazo kwangu, dada. Moto ukizuka hapa leo, hatubaki na kitu."

"Nikupe wewe? Wewe uliyeua dungusi?"

"Dungusi lenyewe lilikuwa limezeeka, bwana."

"Lilikuwa la plastiki, Armas! Ukaliweka juu ya jiko likayeyuka. Kunywa kahawa yako uniache."

Kerttu alijifunga kibwebwe. Alisia mbegu zake moja moja kwa ncha ya sindano, akaziweka karibu na jiko lake kubwa la matofali ambalo alilikoka asubuhi na jioni, akazinyunyizia maji ya vuguvugu kwa kijiko. Kwa siku sita hapakuwa na dalili. Siku ya saba udongo ulipasuka, na shingo moja nyembamba ya kijani ikajikunja kutokea. Kufikia mwisho wa juma ilikuwa imeota miche kumi na mmoja. Mbegu tano zilizosalia hazikuamka kamwe. Kerttu alifurahi mpaka akamkumbatia Armas mlangoni, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu harusi yake mwenyewe.

Siku zile binti yake, Saimi, alikuwa katika likizo ya uzazi, akamjia karibu kila siku na mwanawe Otso wa miezi mitano. Saa tano asubuhi Saimi alimvika mtoto nguo za sufu, akamtia ndani ya mfuko wa manyoya, akamlaza katika kigari na kukisukuma uani kando ya rundo la theluji. Kipimajoto kilionyesha nyuzi nane chini ya sifuri. Otso alipiga miayo, akalala fofofo, na pua yake ikawa nyekundu kama tufaha. Kerttu mwenyewe aliwalaza watoto wake vivyo hivyo, na mama yake kabla yake. Asingemsamehe mzazi anayemfungia mtoto chumbani kama keki ndani ya kopo.

Saimi alirudi ndani, akaacha mlango wazi kidogo alipokuwa akivua buti.

"Funga mlango!" Kerttu alipiga ukelele. "Upepo unapita! Unataka kuniulia miche?"

Saimi alitazama mlango, akatazama dirisha ambalo kigari kilionekana nje yake, kisha akamtazama mama yake.

"Mama, mjukuu wako yuko kwenye theluji."

"Otso ana nguo."

"Hii miche inataka mwanga kuliko joto. Iweke kule kwenye kibaraza cha vioo. Kuna ubaridi, lakini jua linaingia siku nzima. Hapa jikoni inapikwa."

"Nimepika miaka thelathini na minne, mwanangu. Kitu kinachopikwa nakijua."

Basi miche ikabaki pale pale. Ikarefuka. Mwezi wa Aprili Kerttu aliihamisha, kila mmoja kwenye pakiti yake ya maziwa, naye akajisifu kwa majirani kwamba yake imeipita ya wote kwa urefu. Ni kweli ilikuwa mirefu, lakini ilikuwa myembamba na ya rangi ya maziwa yaliyochanganywa na maji, ikiinamia kioo cha dirisha. Ilipoanza kulala chini aliifunga kwenye sindano za kufumia alizoachiwa na mama yake, moja kwa kila mche. Sindano zilipokwisha akatumia penseli. Hakwenda kwenye karamu ya Pasaka kwa rafiki yake, maana nani angekoka jiko? Hata Jumamosi aliingia sauna, chumba cha kuogea mvuke, akatoka mbio kabla hajatoa jasho. Hakuna aliyeweza kumwambia kwamba hakujitoa. Alijitoa mno.

"Zina shingo kama korongo," Armas alisema akipuliza kahawa yake. "Dada, kwa nini huzitoi nje kidogo? Saa moja tu mchana. Mama alikuwa ana—"

"Usinitajie Mama!"

"Lakini mimi nilikuwa napita hapa kila—"

"Nimesema usinitajie!"

Armas aliinamisha kichwa. Watu wa Savo, mkoa wetu huu, hawana mazoea ya kugombana uso kwa uso. Wao husema mzaha na kutoka. Lakini katikati ya Mei, theluji ilipokwisha na ziwa kufunguka, uvumilivu ulimshinda. Kerttu alikwenda dukani kununua unga, na aliporudi alikuta pakiti tatu ziko nje juu ya ngazi, majani yamelegea kwenye upepo, na mdogo wake ameketi kando yake akizilinda kama mchungaji.

"Zimekaa robo saa tu," alijitetea. "Zinazoea. Zitashtuka leo, kesho zitashtuka kidogo, keshokutwa—"

"Toka!" Kerttu alikuwa ameibeba miche yote mitatu kifuani. "Huna huruma hata chembe. Toka uani kwangu, na usirudi mpaka nikuite."

"Sikio la kufa," Armas alisema, akachukua kofia yake, akaenda zake bila kumaliza ile methali.

Tarehe tano Juni, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna tena baridi ya kuganda, Kerttu aliamua kwamba siku imefika. Banda lake la nailoni lilikuwa limesimama uani, udongo umechimbwa na kutiwa samadi. Aliitoa miche jikoni mmoja mmoja, kila mmoja umefungwa kwa taulo, akaipanda kwa mikono yote miwili na kuinong'oneza maneno ambayo sitayaandika hapa kwa kuwa hayakunihusu. Siku ile hapakuwa na upepo wala jua kali. Kerttu alilala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu Januari.

Siku ya pili jua lilitoka wazi kabisa. Jua letu la Juni halichwi upesi. Linakaa angani karibu usiku na mchana. Miche iliyokuwa imelijua kupitia kioo cha jikoni tu ilikutana nalo ana kwa ana. Jioni majani yake yalikuwa na mabaka meupe, yamekauka kama karatasi ya sigara. Joto likazidi ndani ya banda, ikambidi Kerttu afungue milango ya pande zote mbili ili hewa ipite. Siku ya tatu hewa ilipita kweli. Upepo wa kaskazini ulivuma kutoka ziwani tangu alfajiri, haukuwa mkubwa, ulikuwa upepo wa kawaida ambao kotimiri za majirani ziliuchezea tu. Shingo zile ndefu zilikatika moja baada ya nyingine mahali zilipofungwa kwenye sindano.

Kerttu alipoingia bandani saa nne asubuhi, miche kumi ilikuwa imelala chini, imenyauka hadi kwenye mizizi. Wa kumi na moja ulikuwa umevunjika katikati, na kilele chake kilining'inia kwa uzi mmoja wa ganda.

Hakupiga kelele. Alitoka, akaketi juu ya ngazi ya nyumba yake akiwa na udongo mikononi, akalia. Alilia kwa kwikwi, kilio ambacho hakukilia makaburini Januari. Saimi alikuwa amefika na kigari muda si mrefu. Upepo uleule ulikitikisa kigari na kuzipeperusha nywele chache za Otso, naye Otso alikuwa macho, ametulia, anamtazama bibi yake akilia kama anayetazama kitu kigeni. Mtoto hakulia. Mtu mzima ndiye aliyelia.

Saimi alimpigia mjomba wake simu. Armas alikuja bila kungoja kuitwa na mwenye nyumba, akaingia bandani, akatoka, akaketi ngazi ya chini. Safari hii hakuwa na mzaha.

"Nimemuua mara ya pili," Kerttu alisema.

"Mama hakuuawa na mtu, dada. Alikuwa na miaka tisini na mmoja."

"Nilimlinda. Nililinda hii miche kuliko roho yangu. Yeye alifanya nini ambacho mimi sikufanya?"

"Aliitesa," Armas alijibu. "Kuanzia Mei Mosi, kila siku ya kazi. Wewe ulikuwa jikoni shuleni, hukuwahi kuona. Mimi nilikuwa napita hapa na gari la maziwa saa sita mchana. Anaipanga juu ya ngazi hii hii, halafu anaipitishia ufagio wa vijiti, taratibu, huku na huku, kama anawafagia vumbi. Nikamuuliza, mama, wamekukosea nini hawa? Akaniambia, bora nianze mimi, ninayejua kuacha. Upepo haujui kuacha."

Kerttu aliitazama ile ngazi. Miaka thelathini na minne aliondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa kumi jioni, akaikuta miche imerudishwa dirishani, mifupi, minene, na siku zote alidhani ndivyo ilivyozaliwa.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilianza mara mbili. Ukanikatiza katikati ya sentensi."

Kerttu alifuta uso kwa kiganja, akajipaka udongo shavuni. Ukaidi uliomfanya akoke jiko karibu miezi mitatu haukuwa umemtoka. Ulikuwa umegeuza uso tu. Alisimama. Aliingia jikoni akachukua kisu chake kikali cha kazi, akaenda bandani, akakikata kile kilele kilichoning'inia kwenye mche wa kumi na moja. Akakitia katika glasi ya maji. Hakukipeleka jikoni. Alikiweka kwenye kibaraza cha vioo, kwenye mwanga na ubaridi, akafunga mlango nyuma yake.

Siku tisa kilele kile kilisimama majini bila kuonyesha kama kinaishi au kinakufa. Siku ya kumi vijinyuzi vyeupe vilitokeza pembeni mwa shina. Kerttu alikipanda kwenye pakiti ya maziwa, akakiacha siku tatu kishike udongo. Siku ya nne, saa tano asubuhi, Saimi alipokisukuma kigari uani, Kerttu alitoka nyuma yake amebeba pakiti na kuiweka chini, kando kabisa ya gurudumu la kigari.

"Dakika kumi," alisema, akaingia ndani na kusimama nyuma ya mlango.

Upepo ulikuja, mche ukainama. Kerttu alishika kitasa.

"Mama," Saimi aliita kutoka mezani. "Njoo ukae unywe kahawa."

"Unainama."

"Hata Otso anapiga kelele akivalishwa kofia. Mbona humvui?"

Kerttu hakukaa, lakini hakufungua mlango pia. Alihesabu dakika kumi kwa saa ya ukutani, na zilipotimia alitoka mbio kama nyumba inaungua. Majani yalikuwa yamelegea. Jioni yalisimama. Kesho yake akatoa dakika ishirini, keshokutwa nusu saa. Asubuhi na jioni aliupitishia kiganja mara ishirini, huku na huku, akihesabu kwa sauti. Mara mbili alilia akifanya hivyo, akaendelea kuhesabu. Kulikuwa na siku ya mvua ya ubaridi ambayo Armas mwenyewe, aliyekuwa amerudi kwenye kiti chake cha kahawa, alimwambia auingize ndani.

"Leo sivyo, dada. Utauua."

"Kaa chini wewe," Kerttu alimjibu. "Mvua ni maji tu. Ukitaka kulialia, nenda kwa dungusi lako."

Armas alicheka mpaka kahawa ikampalia.

Wiki mbili zilipopita, mche ule ulikuwa mfupi kuliko kijiko cha mbao, mnene kama kidole gumba, wenye majani ya kijani kizito yaliyopiga urujuani kwenye mishipa. Haukuwa wa kujisifia kwa majirani. Mwanzoni mwa Julai Kerttu aliupanda bandani, akafungua milango ya pande zote mbili, akaenda sauna. Alikaa humo saa nzima, akatoka amekuwa mwekundu mwili mzima.

Mche ulitoa maua Julai ikiisha. Kufikia Agosti ulikuwa na vitunda vinne vya kijani, na Kerttu akaanza kuhesabu siku, kwa kuwa alikuwa amechelewa mwezi mzima na zaidi. Septemba ilileta asubuhi mbili za barafu. Maboga ya jirani yaligeuka meusi. Kerttu aliliziba banda, akalifunika kwa mablanketi, kisha akajizuia kuing'oa nyanya ile na kuipeleka jikoni. Ulimi ulimwasha kusema, mikono ilimwasha kutenda, lakini akauachia mche kazi yake. Mche ulizipitisha asubuhi zote mbili ukiwa umekunja majani, na jua lilipotoka ukayakunjua.

Tarehe kumi na saba Septemba nyanya moja ilikuwa ya manjano yote, yenye mabega yaliyopasuka. Kerttu aliiweka katikati ya meza, akawaita Armas na Saimi. Aliikata kwa kile kisu cha kazi, akakamua mbegu zote ndani ya glasi kabla hajaruhusu mtu kugusa, ndipo akaweka vipande juu ya mkate mweusi uliopakwa siagi. Armas alitafuna polepole, amefumba macho. Alitafuna muda mrefu mno kwa kipande kidogo namna ile.

"Ni yenyewe," alisema hatimaye.

Mbegu zilipooshwa na kukaushwa juu ya karatasi, zilikuwa themanini na tatu. Kerttu alizigawa mafungu matatu bila kuulizwa na mtu. Alipomkabidhi Armas fungu lake hakumtajia dungusi. Alimtajia tarehe ya kuanza kuitoa miche nje, akamwambia aitoe hata kama imelegea, hata kama moyo unamuuma, asisikilize moyo. Yeye alikuwa ameusikiliza wake tangu Machi hadi Juni, akaikinga miche kumi na mmoja na kila upepo ili isiteseke hata kidogo, na machozi aliyoikatalia miche yalimtoka yeye mwenyewe juu ya ngazi ya nyumba yake. Ama kweli, mchelea mwana kulia hulia yeye.